Kuletewa maziwa na mahitaji ya jikoni Tabora mjini: nani umpe kazi gani

Mtu anayehamia Tabora mjini, awe muuguzi aliyepangiwa hospitali ya Kitete, mwalimu mgeni au mwanachuo wa Chuo cha Reli aliyepanga chumba mtaani, huuliza mapema namna ya kupata vitu vya jikoni bila kwenda Soko Kuu kila siku. Jirani wa kwanza humjibu, na jibu hilo hudumu. Akionyeshwa kijana wa maziwa mwenye baiskeli, atachukua kwake hadi siku ya kuhama. Akielekezwa duka la kona, ataagiza huko kila kitu, kuanzia sabuni mpaka nyanya.

Njia za kuletewa vitu nyumbani zipo kadhaa hapa kwetu, na hakuna hata moja inayofaa kwa kila kitu. Maziwa yanataka mtu anayefika mapema na mwenye chombo safi. Mchele, unga na mafuta vinataka kipimo cha haki. Mboga inataka macho ya mtu anayejua kuchagua. Ukimpa mtu mmoja kazi zote hizo, atafanya moja vizuri na nyingine ataziharibu, tena bila nia mbaya. Naanza na maziwa, na hapo nitakaa zaidi, maana katika vyote vinavyoletwa mlangoni ndiyo yanayoweza kumlaza mtoto hospitali.

Maziwa: watu wanne wa kuchagua

Mkoa wetu ni wa ng'ombe, lakini wengi ni wale wa asili wenye nundu, na jike mmoja hutoa lita moja hadi tatu hivi kwa siku malisho yakiwa mazuri. Kwa hiyo dumu la lita 20 unaloliona nyuma ya baiskeli asubuhi halikujazwa na ng'ombe mmoja. Mchuuzi amepita kwa wafugaji kadhaa, huku amepewa lita tatu, kule tano, mpaka likajaa. Akikwambia "ni ya ng'ombe wetu", huenda anasema kweli kwa sehemu tu. Na maziwa ya boma la kwanza yameshakaa humo muda mrefu kabla ya yale ya boma la mwisho kumiminwa juu yake.

Huyu mchuuzi wa baiskeli au pikipiki ndiye wa kwanza kwenye orodha kwa sababu ndiye anayefikia nyumba nyingi. Ana mazuri yake, na lazima tuyaseme. Anafika mlangoni. Anapima hata nusu lita kwa mwenye hela kidogo. Anakubali kulipwa mwisho wa mwezi. Bei yake kwa lita huwa ya chini kuliko ya pakiti. Familia nyingi za mji huu zimekuza watoto kwa maziwa yake.

Udhaifu wake uko kwenye chombo na kwenye saa. Dumu la plastiki, mara nyingi lililokuwa la mafuta ya kula, lina mdomo mwembamba usiopitisha mkono. Litasuuzwa, litatikiswa na maji ya moto na mchanga kidogo, lakini ndani ya mshikio na kwenye pembe za chini hubaki utando wa mafuta ya maziwa ambao hakuna brashi inayoufikia. Plastiki nayo huchunika kadiri inavyotumika, na mikwaruzo hiyo hukaa uchafu. Keni ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu ina mdomo mpana. Mkono unaingia mpaka chini, unasugua, unamwaga maji yanayochemka, kisha keni inaanikwa ikiwa imepinduliwa. Wataalamu wa maziwa nchini wamekuwa wakihimiza keni za namna hii kwa sababu hiyo. Mimi nikiwa na wachuuzi wawili wa bei tofauti, mmoja ana dumu na mwingine ana keni, namchukua wa keni hata akinizidishia mia mbili kwa lita.

Kisha saa. Katika joto la kwetu bakteria kwenye maziwa mabichi wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo. Yaliyokamuliwa saa kumi na moja alfajiri na kukufikia saa moja asubuhi bado yana nafasi nzuri. Yakikufikia saa nne, baada ya kuzunguka Isevya, Cheyo na Kanyenye juani, ni maziwa mengine kabisa. Mabaya zaidi ni yale ya jana jioni yaliyolala bila kupozwa, kisha yakachanganywa na ya asubuhi. Mchanganyiko huo ukiuchemsha hukatika sufuriani, yaani huganda mabonge na maji kujitenga. Yakikatika, usiyakoroge ukidhani yatarudi. Mwonyeshe mchuuzi kesho yake, na mwenye kuheshimu kazi yake atakulipa lita nyingine.

Maswali ya kumuuliza ni machache, na yanaulizwa kwa adabu mlangoni:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za huko? Haya ya leo yamekamuliwa saa ngapi?"

"Alfajiri hii, mama."

"Na ya jana jioni umeyapeleka wapi?"

Swali la mwisho ndilo la maana. Anayeuza mtindi atakwambia moja kwa moja kwamba ya jioni yameachwa yagande, na hilo ni jibu zuri. Anayebabaika, kuwa naye makini. Mwambie pia afungue kifuniko, unuse mdomo wa chombo kabla hajapima. Harufu ya uchachu au ya mafuta yaliyooza haifichiki. Ukiona anamimina kutoka juu sana mpaka povu linajaa kikombe cha kupimia, subiri povu lishuke halafu mwombe ajazie. Hutamkosea heshima, wachuuzi wazuri hufanya hivyo wenyewe.

Kuhusu maji: wapo wanaoongeza. Njia ya jikoni ni kudondosha tone kwenye sahani safi iliyoinama kidogo. Maziwa kamili huteremka taratibu na kuacha mchirizi mweupe nyuma yake. Yenye maji mengi hukimbia na kuacha njia karibu safi. Njia hiyo inakupa fununu tu. Kipimo cha uhakika zaidi ni laktomita, kile kifaa cha kioo kinachoelea. Maziwa mazuri ya ng'ombe husoma kati ya 1.026 na 1.032 hivi, na maji matupu ni 1.000, hivyo kadiri maji yalivyoongezwa ndivyo namba inavyoshuka. Lakini usiyapime yakiwa na uvuguvugu wa kiwele, maana yatasoma chini bila kosa la mtu. Yaache yapoe na povu liishe. Jua pia kwamba mchuuzi akiengua malai, yaani mafuta ya juu, namba hupanda, akaongeza maji ikarudi pale pale. Kwa hiyo laktomita iende pamoja na macho: maziwa yaliyochemshwa na kuachwa yapoe yanapaswa kuwa na utando mzito juu. Yakikosa utando na laktomita ikasema ni mazuri, kuna kitu kimefanyika.

Wa pili ni jirani mfugaji, yule mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa kisasa bandani nyuma ya nyumba. Ng'ombe chotara akilishwa vizuri hutoa lita kumi na zaidi kwa siku, kwa hiyo familia ikishakunywa hubaki ya kuuza. Kwangu mimi huyu ndiye bora kuliko wote kwa nyumba yenye mtoto mdogo au mgonjwa. Banda unaliona. Mkono wa mkamuaji unauona. Maziwa yanatoka kwenye kiwele na kufika jikoni kwako kabla hata hayajapoa, na anayeyaleta ni mwanawe akielekea shule.

Ana mipaka yake. Ng'ombe hukaushwa miezi miwili hivi kabla ya kuzaa, na kipindi hicho jirani hana cha kukupa. Ng'ombe akiugua matiti na kuchomwa sindano ya antibiotiki, maziwa yake hayafai kuuzwa hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye kichupa cha dawa. Hapo ndipo ujirani unapopimwa, kwa sababu mfugaji anaona hela inamwagwa. Dalili moja ya kujua ni hii: maziwa mabichi mazuri yakiachwa huganda yenyewe kuwa mgando. Yakikaa siku nzima kwenye joto na yakagoma kuganda, shuku dawa. Mwambie jirani mapema kwamba siku ya sindano utamwelewa na hutahamia kwa mwingine. Mteja wa namna hiyo humfanya mfugaji aseme kweli.

Wa tatu ni duka la maziwa lenye friza, linalouza ya kupima na mtindi, nawe unapiga simu boda akuletee. Ubaridi ni faida kubwa, mradi maziwa yalipozwa mapema. Friza haiwezi kuyafufua yaliyokwisha kuharibika njiani. Uliza kama waliyachemsha kabla ya kuyapoza, na uliza wanafanyaje umeme ukikatika. Duka lenye jibu la haraka kwa swali la umeme limeshawahi kulifikiria.

Wa nne ni pakiti, inayosafiri kutoka Iringa, Tanga au Zanzibar mpaka kwetu. Tofautisha aina mbili. Ile ya kawaida iliyopashwa joto la wastani, kama nyuzi 72 kwa sekunde 15, inataka baridi safari nzima hadi mlangoni kwako, na boda akiifunga kwenye buti la pikipiki saa sita mchana anaharibu kazi yote iliyofanywa kiwandani. Ile iliyoandikwa UHT imepitishwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache na kufungwa bila vijidudu, hivyo hukaa miezi bila friji ikiwa haijafunguliwa. Kwa kijana anayeishi peke yake, anayetoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na hana friji, UHT ya pakiti ndogo ndiyo jibu, japokuwa kwa lita ndiyo ghali kuliko zote. Angalia tarehe, na pakiti iliyovimba irudishe.

Mabichi yote, yatoke kwa nani, yachemshwe mpaka yapande. Yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ugonjwa uleule unaofanya ng'ombe watupe mimba, ambao kwa binadamu huja kama homa inayokwenda na kurudi na maumivu ya viungo, na watu wengi huutibu kama malaria wiki baada ya wiki. Mtindi uliogandishwa kutoka maziwa mabichi haujaepuka hatari hiyo. Chemsha kwanza, poza, tia kijiko cha mtindi wa jana, funika.

Vyakula vikavu: duka la kona au boda wa sokoni

Duka la kona linashinda kwa vitu vya ghafla na kwa mkopo. Chumvi imeisha na ugali uko motoni, unapiga simu, kijana wa duka anakuja mbio. Mwenye duka anakujua, anaandika kwenye daftari, mshahara ukitoka unalipa. Huduma hiyo imo ndani ya bei, na ni haki yake. Ila weka daftari lako pia. Kila anacholeta andika tarehe na kiasi, na mwisho wa mwezi mlinganishe kurasa. Dada wa kazi naye afundishwe kuandika, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayepokea.

Bodaboda wa kutumwa Soko Kuu anashinda kwa bei ya vitu vingi na anashindwa kwa vidogo. Fanya hesabu: tuseme anachukua 1,000 na umemtuma vitu vya 4,000. Umeongeza robo nzima ya bei. Mtume mara moja kwa wiki vitu vya 25,000 kwa nauli ya 1,500, nyongeza inashuka hadi shilingi 60 kwa kila elfu. Watu wengi wanaosema "kuletewa ni anasa" wamezoea kutuma vitu kidogo kidogo.

Shida ya boda ni kipimo. Sokoni bado tunauziwa kwa sado, na sado zinatofautiana. Ipo inayojazwa mpaka inamwagika, ipo inayosawazishwa kwa mkono, na ipo ambayo kitako chake kimebonyezwa ndani ili imeze kidogo. Boda hana muda wa kugombana juu ya kitako. Mwagize anunue kwa kilo, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Na mizani ya duka la kona unaweza kuijaribu mwenyewe bila ugomvi: chupa ya maji ya lita moja ambayo haijafunguliwa ina uzito wa kilo moja na gramu chache za chupa. Iweke juu ya mizani ukiwa unanunua, ukisingizia kwamba unaitua tu. Utajua.

Vitu vingine havifai kununuliwa kwa wingi hata bei ikivutia. Dona haikai kama sembe kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta, yakichacha unga unakuwa mchungu. Chukua ya wiki mbili. Karanga na mahindi, yeyote akikuletea, mwaga kwenye ungo uangalie kabla hajaondoka. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zirudishwe zote, si kuchambua tu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mchele wa Igunga na Nzega upo wa kutosha sokoni, na huo unaweza kununua gunia mkagawana, nitafika huko.

Mboga

Hapa sina maneno mengi. Mama wa mboga anayepita na beseni asubuhi anawashinda wote. Unachagua mwenyewe mlangoni kwako: matembele, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, mlenda. Boda atauziwa mafungu ambayo juu ni nyanya ngumu na chini ni zilizobonyea, na hatajua mpaka amefika kwako. Duka la kona huuza mboga zilizolala. Mjulie hali mama wa mboga, muulize bustani yake iko wapi na inamwagiliwa maji gani, na hata akikujibu vizuri, osha majani kwa maji mengi safi.

Kwa uyoga nina sharti moja. Masika yakianza unaingia mjini kutoka misitu ya miombo, mtamu, na unauzwa kila kona. Nunua tu kwa mwanamke unayemfahamu ambaye yeye na watu wake wamekuwa wakiuchuma na kuula. Wa sumu hufanana na wa kuliwa, na mtu wa kutumwa hawezi kukuchagulia.

Oda ya pamoja ya mtaa

Njia hii ndiyo ninayotaka mitaa yetu ijaribu zaidi, hasa kule Ipuli na sehemu nyingine ambako nyumba mpya zimeota na soko liko mbali. Majirani sita au wanane wanakuwa na kundi la WhatsApp. Ijumaa usiku kila mmoja anaandika anachotaka. Jumamosi alfajiri mtu mmoja anakwenda sokoni, anakodi bajaji, anarudi na mizigo iliyoandikwa majina. Bajaji ikiwa 6,000 kwa nyumba sita, kila nyumba imelipa elfu moja kwa mahitaji ya wiki nzima, na gunia la mchele limegawanywa kwa kilo mbele ya wote.

Makundi mengi ya namna hii hufa ndani ya miezi michache, na sababu huwa mbili. Mtu mmoja anaagiza bila kutuma hela, mwendaji anamlipia, deni linakuwa aibu na watu wanaacha kusalimiana. Na mwendaji anafanya kazi ya nusu siku bure, anachoka. Dawa ni kuweka kanuni kabla ya oda ya kwanza: hela itumwe usiku huohuo, asiyetuma hanunuliwi, na mwendaji alipwe kitu kinachojulikana hata kama ni mama mkwe wa mtu. Msione haya kuliandika.

Nyumba zikiungana, zinaweza kudai masharti ambayo nyumba moja haiwezi. Rudi kwenye maziwa. Mteja mmoja wa lita moja akimwambia mchuuzi abadilishe dumu, mchuuzi atatabasamu na kuendelea na safari. Nyumba nane zinazochukua lita moja na nusu kila moja ni lita 12, zaidi ya nusu ya dumu lake, zimeuzwa kwenye mtaa mmoja kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Amepunguziwa mzunguko wa saa mbili juani, na maziwa yaliyobaki atayauza yakiwa bado na hali nzuri. Mtu huyo ana sababu ya kuwasikiliza. Mwambieni mnachotaka: keni badala ya dumu, maziwa ya asubuhi peke yake, kufika kwa saa iliyokubaliwa, na laktomita moja ya mtaa ikae kwa jirani mnayemwamini, ipime bila kumtangazia siku. Kama hana mtaji wa keni, changeni muinunue, mkatane kidogo kidogo kwenye malipo yake ya kila wiki mpaka iwe mali yake. Kuna majirani wanaohofia kwamba akishapewa keni atakwenda kuuza kwingine. Hana sababu ya kuacha wateja nane waliopangana mlango kwa mlango.

Kwa mahitaji ya mbali kundi lina faida hiyohiyo. Mawese na dagaa vinavyotoka Kigoma kwa reli huwa na bei nzuri vikichukuliwa kwa mzigo mmoja kuliko kila mtu kumtafuta ndugu yake wa Mwanga au Ujiji. Ila fuatilieni msimu: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na tangazo la namna hiyo likitoka, dagaa wakavu wa kutosha wachukuliwe kabla.

Kwa vyombo vya kupokelea, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo kila nyumba itoe kikapu chake chenye jina. Maziwa yapokelewe kwenye sufuria yako yenye kifuniko. Chupa za maji zilizokwisha tumika, ambazo wachuuzi wengi hupimia ya kupeleka haraka, zina ugonjwa uleule wa dumu: shingo nyembamba, hazisafishiki.

Malipo

Kwa anayekuletea kila siku, lipa kwa wiki badala ya mwezi. Mchuuzi wa maziwa naye anawalipa wafugaji, na ukimkalisha siku 30 atalazimika kukopa, na anayekopa ndiye anayeshawishika kuongeza maji. Kwa simu, kubalianeni mapema nani anabeba ya kutolea, maana mteja anayetuma kamili bila ya kutolea anakuwa amepunguza bei bila kusema. Boda wa sokoni mtumie nusu kabla, akupigie picha ya mzigo, ndipo umalizie.

Kabla ya kiangazi

Ulinganisho huu wote hubadilika kulingana na mvua. Kati ya Novemba na Aprili nyasi zipo, maziwa ni mengi, wachuuzi wanabembeleza wateja, na shida inakuwa njia: mitaa ya mbugani inageuka tope, baiskeli inachelewa, hivyo jirani mfugaji na mama wa mboga wa karibu ndio wa kutegemea. Kuanzia Juni malisho yanakauka, ng'ombe wa asili wanapunguza, na ikifika Septemba na Oktoba, joto likiwa kali, maziwa ya mchuuzi ni machache na yanaharibika haraka zaidi. Bei inapanda, na kishawishi cha kuyazidisha kwa maji kinapanda nayo. Mwenye ng'ombe wa bandani anayenunua pumba na aliyehifadhi majani makavu hutikisika kidogo tu.

Kwa hiyo makubaliano ya kiangazi yafanyike Mei, mchuuzi akiwa bado ana ya kubakiza. Mwandikie idadi ya lita mtakazochukua hata bei ikipanda, mkubaliane bei ya juu kabisa, na mtaje nyumba zenye watoto wadogo na wazee ili zipimiwe kwanza keni ikija nusu. Nyumba nyingine ziwe na katoni ya UHT kabatini kwa siku hizo.